Alifikia kwa Nani?

Anayeamua kuandika habari za ukoo wake kwa kawaida huanza na majina. Huchukua karatasi kubwa, akachora visanduku, akajiweka chini kabisa, juu yake baba na mama, juu yao mababu na mabibi, kisha akampigia simu shangazi amjazie vilivyobaki. Shangazi hujaza viwili vitatu, husitasita, halafu husema, "Huyo sisi tulimwita Babu wa Ngamiani tu," na kazi hukwama hapo. Mwulizaji hukunja karatasi yake akiamini kwamba wazee wamesahau, au kwamba habari zimezikwa pamoja na waliozijua. Mimi sikubaliani naye. Shangazi hajasahau; ameulizwa jambo ambalo hakuwahi kulihitaji maishani. Mwulize huyo Babu wa Ngamiani alipoingia Tanga mara ya kwanza alifikia kwa nani, na huenda akazungumza mpaka chai ipoe. Hoja yangu ni hii: kwetu sisi habari za ukoo zimehifadhiwa katika safari kuliko katika majina, na anayetaka kuwapata ndugu waliopotea, au hata rafiki wa zamani, afuate njia waliyopita na nyumba walizofikia, kisha majina yatakuja yenyewe.

Tulitazame kwanza jina, maana watu wengi wanaliamini kupita kiasi. Kwa familia nyingi za pwani, na nyingi za bara pia, jina la tatu kwenye cheti si la ukoo, ni la babu. Tuseme Juma Ali alikuwa na wana wawili, Hamisi na Rashidi. Hamisi akamzaa Salum, shuleni akaandikwa Salum Hamisi Juma. Rashidi akamzaa Musa, naye akawa Musa Rashidi Juma. Hapo Juma bado anawaunganisha. Lakini Salum akimzaa Omari na Musa akimzaa Bakari, daftari la mahudhurio litasoma Omari Salum Hamisi na Bakari Musa Rashidi: vijana wawili ambao babu zao walinyonya ziwa moja, na hawana hata jina moja la pamoja. Wanaweza kukalia dawati moja miaka saba wasijue. Kwingine tatizo ni la namna nyingine. Kwa Wakikuyu mwana wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba, kwa hiyo majina yaleyale huzunguka kizazi hadi kizazi na hujui Kamau anayesimuliwa ni yupi. Kwa Waluo, Otieno ni wa usiku na Akinyi ni wa asubuhi. Jina linakueleza saa ya kuzaliwa, halikuelezi mlango wa ukoo. Hata hivyo jina la namna hiyo lina siri zake. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi, Kulwa na Doto ni pacha, na Shija ni anayewafuata. Ukikuta Shija katika orodha ya watoto na hao wawili hawapo, uliza taratibu. Walikuwapo.

Majina pia yalibadilika mikononi mwa watu. Aliyebatizwa alipewa jina jipya, aliyesilimu vivyo hivyo, na karani wa Kijerumani au wa Kiingereza aliandika alivyosikia. Katika mashamba ya mkonge mtu aliitwa kwa nambari yake, na ndiyo asili ya neno manamba. Mwanamke aliyezaa akawa Mama Fulani, na jirani waliokaa naye ukuta kwa ukuta miaka ishirini pengine hawakuwahi kulijua jina lake la utotoni. Waliohamia Oman baada ya Mapinduzi ya 1964, na wale walioitika mwito wa kurudi huko baada ya 1970, wengi wao sasa wana jina la kabila kwenye pasipoti ambalo mtaani Unguja halikutumika. Aliyemjua Saidi Ali wa mtaa wa Malindi akimtafuta kwa majina hayo mawili hatampata Muscat, ingawa nyumbani kwake Kiswahili kingali kinazungumzwa. Jina, basi, ni nguo. Watu waliivua na kuvaa nyingine kila walipovuka mpaka, wa nchi au wa dini.

Safari ni kitu kingine. Mkonge uliingia Tanganyika mwaka 1893, ulipoletwa na Richard Hindorf, na katika miongo iliyofuata mashamba ya Tanga na Morogoro yalivuta watu kutoka mbali mno: Kigoma, Songea, Njombe, Burundi, Rwanda, Msumbiji. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuajiri, ikijulikana kwa kifupi SILABU, iliyowasafirisha watu hao kwa mikataba. Mkataba ulihesabiwa kwa vipande, karatasi ya siku 30 za kazi, na kipande kikijaa ndipo mshahara ulipotoka. (Mkenya akisikia kipande anawaza kitambulisho kilichoning'inizwa shingoni enzi za walowezi, neno ni moja, vitu ni viwili, na ukihoji wazee wa pande zote mbili za mpaka usivichanganye.) Manamba alipomaliza vipande vyake, ama alirudi kwao, ama alibaki. Aliyebaki hakuingia mjini hivihivi. Alikwenda kwa mtu: wa kijiji chao, wa kabila lao, mtani wake, au aliyelala naye chumba kimoja kambini. Alilala kwenye mkeka wa huyo mtu, akala kwake, akatafutiwa kazi naye, na mara nyingi akaozeshwa naye. Mwenyeji huyo ndiye aliyejua alikotoka, kwa sababu alimpokea kwa kuwa alijua alikotoka.

Kwa nini swali hili la mwenyeji lifungue kinywa kuliko swali la jina? Sababu ya kwanza ni kwamba kumpokea mtu ni deni, na deni hukumbukwa pande zote mbili. Familia iliyopokea hukumbuka mgeni aliyekuja na kifurushi akakaa miaka minne. Familia iliyopokelewa hukumbuka nyumba ilikotokea. Sababu ya pili ni kwamba nyumba ya mwenyeji ilikuwa kituo. Kila aliyetoka kijijini alipita pale na habari za nyumbani, nani amefariki, nani ameolewa, mto umekula shamba la nani. Watoto waliolelewa katika nyumba hiyo leo ni wazee, na wamebeba habari za kijiji wasichowahi kukiona. Sababu ya tatu ni ya kibinadamu tu: mtu akiulizwa orodha ya mababu huhisi yuko kwenye mtihani, lakini akiulizwa mtu alivyofika husimulia.

Sasa namna ya kuuliza. Usiende na orodha ya maswali arobaini, na usiitoe simu kabla hujasalimia na kukaa. Baada ya shikamoo na habari za wote, anza wewe kutoa. Sema unachokijua, hata kama ni kidogo: "Mimi ninavyosikia, babu alishuka Korogwe kwa treni, akafikia kwa fundi cherehani mmoja." Kama umekosea utasahihishwa mara moja, na masahihisho ndiyo hazina yenyewe, kwa kuwa mzee ambaye hana la kusema akiulizwa huwa na mengi akisikia jambo limekosewa. Kisha fuata mnyororo: alitoka wapi, nani alimpeleka au kumwita, alifikia kwa nani, alifanya kazi gani, kilichomwondoa hapo ni nini, akaenda kwa nani tena. Ukiomba kurekodi, omba waziwazi, weka simu mezani karibu na msimuliaji, zima feni na redio, na mwanzoni mwa rekodi taja tarehe, mahali na anayesema. Sauti iliyorekodiwa bila hayo mambo matatu, baada ya miaka kumi ni sauti ya mzee asiyejulikana akizungumza juu ya watu wasiojulikana.

Maneno ya udugu yatakukwaza zaidi ya majina, maana yana upana. Baba mdogo anaweza kuwa mdogo wake baba, binamu yake baba, au mume wa mama mdogo. Babu anaweza kuwa yeyote wa rika la babu. Ndugu ndiyo kabisa, ni yeyote. Usimkatize msimuliaji kila neno. Mwache amalize, kisha urudi kwa utaratibu: huyo baba mdogo na baba walichangia tumbo, au baba tu, au ukoo? Wazee wana kipimo chao kizuri, wanasema fulani na fulani walinyonya ziwa moja. Kitumie. Na ukiambiwa "huyu si ndugu wa damu, tulikua naye tu," usimfute kwenye daftari lako, kwa kuwa mara nyingi huyo ndiye mtoto wa ile nyumba ya mwenyeji.

Miaka usiiulize kwa tarakimu. Uliza jambo kubwa lililokuwapo. Mzee wa Ugogo aliyesimuliwa na wazazi wake atakutajia Mtunya, ile njaa iliyoanza Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea, majeshi yalipokomba nafaka, mifugo na wapagazi. Vita hivyohivyo ndivyo vilivyoacha jina la Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi, kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Wengine watakutajia nzige wa miaka ya 1930, askari waliorudi kutoka Burma, mvua kubwa za mwaka wa Uhuru 1961, Azimio la Arusha 1967, Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970, vita vya Kagera 1978 na 1979, mvua za El Nino za 1997. Uliza mtoto alikuwa anatambaa au ameshaanza kuchunga mbuzi wakati huo, na utapata umri kwa tofauti ya mwaka mmoja au miwili. Operesheni Vijiji itilie mkazo wa pekee ukiwa Tanzania Bara. Serikali ilitaka watu wote wa vijijini wawe katika vijiji vya maendeleo ifikapo 1976, na kwa wengi ilimaanisha kuacha makazi yaliyogeuka mahame, makaburi na miti iliyopandwa na mababu. Ukifika katika kijiji cha leo ukauliza kaburi la babu aliyefariki 1960, pengine uko mahali ambapo yeye hakuwahi kuishi. Uliza mahame yalikuwa wapi, na nani bado anajua njia ya kwenda huko.

Karatasi zina kazi yake, na hapa kuna pingamizi la kweli: je, hati haishindi kumbukumbu? Hushinda kwa tarehe. Lakini hati nzuri kuliko zote ni ile inayoonyesha mwendo. Chukua kitabu cha ubatizo cha parokia ya Kikatoliki. Kinataja mtoto, wazazi, msimamizi na siku, na wengi huishia hapo. Tazama pembeni mwa ukurasa. Sheria ya Kanisa inataka mtu akifunga ndoa popote, parokia ya ndoa iiarifu parokia ya ubatizo, nayo iandike kando ya jina lake. Kwa hiyo msichana aliyebatizwa Peramiho akaolewa Mwanza anaweza kuwa na Mwanza yake ikimsubiri pembeni mwa mstari ule, kwa mwandiko wa padri mwingine na wino wa rangi nyingine. Nenda ofisi ya parokia ukiwa na jina la ubatizo na mwaka wa kukisia, sema unamtafuta nani na kwa nini, na uwe na subira. Kitabu hicho si cha umma, unaonyeshwa kwa hisani.

Nyumbani mna hati ambazo hakuna anayeziita hati. Ya kwanza ni historia ya marehemu, ile karatasi moja au mbili inayosomwa kabla ya kwenda makaburini: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi wapi, ameacha nani. Huandikwa usiku wa msiba na mtu mwenye mwandiko mzuri, akizungukwa na wazee wanaobishana juu ya mwaka, kisha hukunjwa, ikatiwa mfukoni mwa koti na kusahaulika humo. Zikusanye. Ya pili ni daftari la michango. Lina jina, kiasi, na mara nyingi mahali au namba ya simu, na kwa kuwa mchango wa msiba hulipwa siku moja, daftari hilo huhifadhiwa kwa uangalifu kuliko cheti cha kuzaliwa. Aliyetoa shilingi elfu hamsini kutoka Mpanda, na hakuna anayemjua kati ya vijana wa nyumba ile, ana sababu ya kutoa. Ya tatu ni barua za zamani, kwa ajili ya anwani yake ya S.L.P.; sanduku la posta la shirika, shule au misheni hukueleza mtu alikuwa wapi hata kama barua yenyewe ina salamu tupu. Na wanaokumbuka matangazo ya vifo ya Radio Tanzania watakumbuka jinsi yalivyotaja watu na mahali, fulani wa Korogwe, fulani wa Kigoma, fulani wa Mtwara, popote walipo. Mzee anayeweza kukariri tangazo la kifo cha baba yake amekukaririria ramani ya ukoo.

Picha zipige kwa simu kivulini, bila flashi, na usizibandue kwenye albamu ya gundi; zikipasuka hazirudi. Geuza zile zilizo huru uone mhuri wa studio nyuma, maana mhuri wa studio ya Moshi unathibitisha Moshi. Majina yaandike nyuma kwa penseli.

Kisha safiri. Simu haitoshi, kwa sababu anayejua ni yule ambaye hana namba yake kwako. Ukifika kambi ya zamani, kota za reli au mtaa alikoishi mtu wako, pitia kwa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa ujitambulishe, halafu tafuta wakongwe wa vitu vinne: msikiti au kanisa la kwanza, duka la kwanza, kisima, na makaburi. Muuza duka wa zamani au mwanawe anakumbuka waliokopa. Usiulize, "Mnamjua Hamisi Juma?" Uliza hivi: "Kulikuwa na watu wa Kasulu hapa, walikuwa wakikaa upande gani? Mzee wao alikuwa nani?" Mzee huyo, au watoto wake, ndio mwenyeji unayemtafuta.

Watu wenye busara watakupinga, na pingamizi zao zisipuuzwe. Wa kwanza watasema ndugu waliopotea wakipatikana huja na shida zao, ada, hospitali, mirathi. Ni kweli, watakuja. Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana, na hawakusema unafaidisha upande mmoja. Anayetaka ukoo usio na gharama anataka mchoro wa ukutani. Amua mapema unaweza kutoa nini kwa misiba na ugonjwa, toa hicho bila kelele, na usiahidi siku ya furaha ya kukutana. Lakini tazama pia upande wa pili: wao nao wanakuogopa wewe. Mgeni anayefika na daftari akiuliza nani mkubwa na nani mdogo, na babu alilima wapi, anafanana sana na mtu anayedai shamba. Litoe jambo hilo mapema, mbele ya watu, kwamba huna dai la ardhi wala la nyumba. Usiende familia ikiwa katikati ya kesi ya mirathi. Usianze kuhoji kwenye matanga. Jitambulishe tu pale, na mazungumzo yasubiri mpaka baada ya arobaini.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kuna mambo yaliyofichwa kwa sababu. Mtoto wa nje, ugonjwa wa miaka ile ambao haukutajwa jina, tuhuma za uchawi zilizouvunja ukoo vipande viwili, na pwani, utumwa. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar na Pemba mwaka 1897, Tanganyika mwaka 1922; yaani mwenye miaka themanini leo anaweza kuwa na bibi aliyezaliwa mtumwa. Kwa watu hao swali langu la mwenyeji lina jibu chungu, kwa kuwa aliyefikiwa hakuwa mwenyeji, alikuwa bwana, na jina lililorithiwa ni la huyo bwana. Wengine walifikia kwa misheni, Bagamoyo, ambako mapadri wa Roho Mtakatifu walianza kazi 1868, au Freretown ya Mombasa katika miaka ya 1870, na wakapewa majina ya kigeni yasiyosema lolote juu ya Unyasa au Uyao walikochukuliwa. Sisemi siri hizi zisiguswe. Nasema mwenye siri ni yule aliye hai ambaye itamwumiza, na yeye ndiye wa kuulizwa kama iandikwe. Ukimya ukiukuta, andika mahali na uache mstari mtupu.

Wa tatu watasema kumbukumbu ya mzee hudanganya. Hudanganya, na hasa kwa idadi, miaka na sifa za watu wa kwao. Dawa yake ni kuuliza watu wawili wasiokaa pamoja. Wakitofautiana juu ya mwaka lakini wakakubaliana juu ya nyumba, mti na jina la mwenyeji, umesimama mahali pazuri. Wakisema maneno yaleyale kwa mpangilio uleule, tahadhari: hujapata mashahidi wawili, umepata mmoja na mwangwi wake. Tofauti ziandike zote mbili na nani alisema nini.

Kuna safari ambazo zilikatwa na serikali, na hizo zinahitaji msaada wa nje. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mpaka 1983, na familia za watumishi wa reli, posta na bandari ziligawanywa na kazi iliyowaunganisha. Kwa hao, ulizia kota na vituo vya kazi, Voi, Moshi, Tabora, Kisumu, kabla ya kuulizia majina. Wastaafu wa reli hujuana kwa vituo. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipelekwa Katumba, Ulyankulu na Mishamo, na wengi wao baadaye walipewa uraia wa Tanzania. Anayewatafuta aanze na makazi hayo. Kwa waliopotezana vitani au ukimbizini, vyama vya Msalaba Mwekundu vina huduma ya kutafuta ndugu bila malipo. Fika ukiwa na jina la mahali mlipoachana, majina ya wazazi wote wawili, majina ya utani ya nyumbani na jina la mtu ambaye huyo ndugu alikuwa akisafiri naye.

Rafiki wa zamani hutafutwa kwa njia hiyohiyo kwa mabadiliko madogo. Wa shule ya bweni mwulize kwa bweni lake na aliyelala kitanda cha juu. Aliyesoma enzi serikali ilipowapangia wahitimu kazi, uliza alipangiwa wapi, kisha alifikia kwa nani huko. Msichana wa darasa lenu huenda leo ni Mama Neema wa mahali usipopajua, kwa hiyo uliza aliolewa wapi. Ukimpata, usimwibukie. Mtumie mtu mnayejuana naye wote, ampelekee namba yako, na uamuzi wa kupiga uwe wake. Aliyenyamaza miezi sita amejibu.

Simu imerahisisha mengi na kuharibu machache. Usifungue kundi la WhatsApp la watu mia mbili siku ya kwanza. Litajaa picha za maua na salamu za asubuhi, na mzee mwenye habari hatalisoma. Ongea na mmoja mmoja kwanza, na kwa sauti. Ramani ya ukoo iliyowekwa hadharani na tarehe za kuzaliwa, majina ya mama na namba za simu ni zawadi kwa matapeli, wale wa "tuma kwa namba hii, niko hospitali". Mtu mpya akijitokeza akisema ni wenu, mwulize swali ambalo halipo mtandaoni, na hilo unalijua sasa. Vipimo vya vinasaba vinaweza kukuonyesha kwamba mtu fulani Ulaya au Marekani ni binamu yako wa mbali. Havitakueleza ni kupitia kwa nani, wala havitamshawishi akupokee.

Daftari lenyewe liwe la karatasi ngumu. Ukurasa wa kushoto andika wewe, wa kulia uache mtupu kwa wengine kusahihisha, na wakusahihishe kweli, kwa mwandiko wao, bila wewe kuwafutia. Kila habari iwe na jina la aliyeisimulia na siku. Kila mtu mpe mistari michache: alizaliwa wapi, alikwenda wapi, alifikia kwa nani, nani alifikia kwake. Toa nakala uiache katika nyumba uliyohojia, si baada ya mwaka, wiki hiyohiyo kama inawezekana, kwa kuwa nakala ndiyo itakayomfanya jirani aseme, "Mbona hapa mmemsahau Mzee wa kisimani?" Ukurasa wako mwenyewe usiuache mwisho. Andika ulipofika mjini mara ya kwanza, ukiwa na begi gani, ulifikia kwa nani na ulikaa kwake muda gani. Kama namba yake bado unayo, mpigie kabla hujaandika, akukumbushe vizuri.